Kunde za Mwalimu Mkuu

Mwalimu Mkuu Stanslaus alikuwa mtu wa mpangilio. Alipoambiwa kwamba watoto wa darasa la awali wamepanda kunde kwenye makopo ili wajionee zinavyoota, aliuliza swali moja tu la kitaalamu: "Kwani picha ya mmea hakuna?"

Picha ilikuwepo ukutani, na mishale yake yote. Lakini Mwalimu Paskazia, aliyekuwa akijitolea kufundisha darasa hilo mwaka wa pili sasa, alishawajua wanafunzi wake. Hawa walikuwa watoto wa machimbo ya Geita. Kwao, kitu ambacho hujakichimba hakipo. Wakapanda Jumatatu, Jumanne wakafukua kuona kama mbegu zimeamka. Jumatano wakafukua tena. Alhamisi Masalu, mwenye miaka sita na baba mwenye duara, yaani shimo lake mwenyewe la dhahabu, alishusha shimo pembeni ya mbegu yake kwa msumari, akaufuata mzizi kama wakubwa wanavyoufuata mwamba wa dhahabu.

"Mwalimu, unashuka chini tu!" alipiga kelele.

Mkuu akachungulia. Udongo ulikuwa kila mahali.

"Kesho anakuja afisa elimu kata," alisema. "Akiukuta uchafu huu, awali inarudi kusomea ubaoni, na wewe unarudi kwenu Ushetu ukavune tumbaku."

Paskazia aliogopa, tena sana. Bila neno zuri la afisa huyo, darasa lilikuwa limekwisha, na yeye pia.

Ijumaa asubuhi muujiza ukatokea. Makopo yameoshwa, yamepangwa mstari, na kila moja lina kunde iliyonawiri majani matatu matatu. Mkuu alikuwa ameamkia bustanini kwa mkewe na kisu, akakata vichwa vya kunde, akavichomeka. Paskazia alilijua hilo mara tu alipoyaona, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukamwaibisha. Kopo lililonusurika ni la Mbuke tu, mwenzake Masalu darasani. Alikuwa amelala nalo nyumbani, kama watu wa kwao wanavyolala na viroba vyao vya mawe ya dhahabu.

Afisa, Bi Bernadina, aliitikia shikamoo za watoto, akayatazama makopo.

"Mmepanda lini?"

"Jumatatuuu!"

"Siku nne tu?"

"Ardhi yetu ina rutuba," Mkuu akasema, bila kupepesa.

"Na mnajuaje kama mmea ni mzima?"

Mkuu alimkonyeza Paskazia aioneshe picha. Paskazia aliitazama ile mishale, akawatazama watoto.

"Mwonesheni mgeni," alisema.

Wakachimba.

"Mayu wane! Mama yangu! Hauna mzizi!" Masalu alifukua kopo la pili, na la tatu. "Mwalimu, hizi si mimea. Hizi ni mboga!"

Mkuu akaeleza kwamba mizizi iko njiani. Mbuke akatoa kopo lake ndani ya sweta. Chipukizi lilikuwa limepinda, halina jani hata moja, limefukuliwa mara tatu, na lina mzizi mrefu kama kidole. Akamshikisha afisa, kisha akamnyang'anya.

"Inatosha. Utaiua."

Bi Bernadina aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaagiza kunde za Mkuu ziwekwe ofisini, mezani kwa Mkuu mwenyewe, na awali, pamoja na mwalimu wao, waende kila asubuhi kuchunguza kama ile mizizi imefika, mpaka yeye atakaporudi.

Jumatatu Paskazia aliushikilia mlango wa ofisi, kicheko kikimsumbua. Watoto thelathini na wawili wakaingia na misumari yao.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," walisema kwa pamoja, wakaanza kuchimba.