Wazee Waliohama

Kila Jumanne saa mbili asubuhi mtafiti wa afya ya jamii alipima wazee wa mtaa. Walipanda mizani, wakabana chuma cha kupimia nguvu za mkono, kisha kila mmoja akainuka kitini mara tano bila kushika kitu huku muuguzi akiangalia saa. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili. Ilimpa uprofesa.

Jumanne moja shangazi yake, aliyemlea, alikuja akapanga foleni. Alikuwa amekufa tangu mwaka juzi. Muuguzi alimwambia avue viatu.

"Mizani inasema sifuri."

"Andika sifuri," shangazi alisema. "Maisha yangu yote nilitaka kupungua."

Aliinuka kitini mara tano kwa sekunde sita. Fundi viatu, mzee wa miaka themanini aliyefuata, alikohoa kwanza.

"Mimi niko hai, magoti yanalia kama mlango mbovu. Marehemu ananitia aibu."

"Subiri zamu yako, fundi," shangazi alisema. "Haikawii."

Mtafiti alijua shangazi amefuata nini. Mzee asiyetokea alitakiwa kutafutwa nyumbani kwake. Mtafiti hakutafuta mtu. Aliandika "amehama", na aliyehama haingii kwenye hesabu ya vifo. Kwa hesabu hiyo wazee wa mtaa walionekana wazima kama chuma, wakubwa wakafunga wodi ya wazee. Mwaka uliofuata shangazi alibanwa kifua. Majirani walimfikisha kwenye wodi, wakakuta kufuli. Alikufa njiani kwenda hospitali nyingine. Mtafiti alimzika Jumamosi. Jumatatu aliandika "amehama".

"Mwanangu," shangazi alimwambia, "andika nimekufa. Mimi na wenzangu. Hesabu ikikaa sawa watafungua wodi. Huyu fundi anakohoa, atapelekwa wapi?"

Mtafiti alishika kalamu. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Mwisho wa wiki alikuwa akabidhiwe tuzo kwa utafiti uleule.

"Nitaliangalia, shangazi."

"Ulisema hivyohivyo nilipokuwa naumwa." Hakusema kwa hasira. Alivaa viatu, akakaa kwenye benchi.

Mtafiti alipokea tuzo. Alipigiwa makofi akiwa ameinamisha kichwa, watu wakasema ni mnyenyekevu.

Wiki ya tatu fundi viatu hakutokea. Muuguzi aliuliza aandike nini, mtafiti akamwambia, bila kumtazama. Jumanne iliyofuata fundi alikuja mapema, magoti hayalii tena, akaketi kando ya shangazi. Wengine waliohama wakaanza kuja pia, kumi leo, ishirini kesho. Muuguzi alilalamika kwamba walio hai wanakosa pa kukaa, akaomba mabenchi. Yalinunuliwa.

Wodi bado ina kufuli. Mtafiti hupita katikati yao kila Jumanne akitazama sakafu, na kwa kuwa alilelewa vizuri, huwaamkia. Hakuna hata mmoja anayemnyima marahaba.