Vizibao Kumi na Viwili

Tangu azaliwe, Truphosa alikuwa hajawahi kumhesabu mtoto kwa kidole, na alipopewa kazi ya kuwahesabu watoto barabarani hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Kwao Bunyore, magharibi mwa Kenya, mama yake alihesabu kuku, akahesabu na madebe ya mahindi, lakini ukimuuliza ana watoto wangapi alikujibu kwamba wanatosha. Kumnyooshea mtoto kidole na kumpa nambari ni kumwitia kifo. Truphosa ana diploma ya ualimu, anaimba kwaya kanisani, na anajua vizuri kwamba mambo hayo ni ya wazee. Kidole chake ndicho kilichokataa kusoma.

Katika shule moja huko Northfield, Uingereza, alikuwa msaidizi wa mwalimu Rita, binti wa Limerick aliyekuja na sanduku zima la vifaa vya hesabu kutoka shule alizofundisha kwao Ireland. Kulikuwa na vijiti vya kuunganisha, vipande vya plastiki vya kufundishia sehemu, na kadi za matembezi, ambazo Rita alizipenda kupita kiasi. Unawatoa watoto nje, unawapa kadi, na mtaa wenyewe unakuwa ubao: tafuta bei mbili zinazofika pauni tatu, tafuta pembetatu, kisia basi lina madirisha mangapi kisha uyahesabu. Truphosa, aliyefundishwa hesabu kwa kiboko, aliuona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Kisha akawaona watoto waliokuwa wakishindwa hesabu za kutoa darasani wakibishana kama wachuuzi juu ya bei ya viazi, akanyamaza.

Asubuhi hiyo walitoka na nusu ya darasa, watoto kumi na wawili wa miaka sita na saba. Kila mmoja alivaa kizibao cha njano kinachong'aa, kile Wakenya huita riflekta. Rita angetangulia, Truphosa angefuata nyuma.

"Kila tukivuka barabara, wewe hesabu," Rita alimwambia.

Getini, Valérie, Mkongomani anayesali naye kanisa moja, alimshika Truphosa mkono, akamwita kwa jina la mwanawe. Binti yake Fortunée alikuwa katika kundi hilo.

"Mama Derrick, unichungie mutoto. Huyu akiona kitu anasimama, anasahau batu bote."

"Usiwe na worry, Mama Fortunée. Niko naye."

Basi Truphosa akahesabu vizibao. Ndiyo hila aliyoipata, na aliiona ni hila nzuri: njano, njano, njano, vikifika kumi na viwili tunavuka. Nguo haina roho ya kuchukuliwa.

Walisimama kwenye duka la mboga la Sukhdev, wakajumlisha bei. Wakasimama kwenye kituo cha basi, wakahesabu madirisha. Kisha wakapanga mstari kuvuka barabara kuu kuelekea maduka makubwa, ambako vigae vya uwanjani vina maumbo ya kila aina. Migongo yote ilikuwa mbele yake. Truphosa akahesabu njano kumi na mbili, akamwinulia Rita kidole gumba, wakavuka.

Ng'ambo, Rita aligawa kadi kwa watoto wawili wawili. Zainab akabaki peke yake.

"Mwenzako ni Fortunée. Yuko wapi?" Rita aliuliza.

Zainab akainua mabega.

Rita alibadilika rangi, lakini sauti yake haikubadilika. "Truphosa, tulivuka wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi yuko upande huu."

Alimwita mlinzi wa maduka, kijana aitwaye Rikesh, naye akawaita wenzake kwa redio. Wakatawanyika madukani, chooni, na kwenye ghorofa za kuegesha magari. Truphosa aliwakusanya watoto ukutani. Akilini alimwona Valérie akija shuleni saa ya kutoka, akiangalia watoto wakipita mmoja mmoja. Aliomba bila maneno, maana yalikuwa yamemkauka.

Zainab alichoka kusimama, akageuka kuegemea ukuta. Begani, pembeni ya mgongo, alikuwa amening'iniza mkoba, na mkoba umevishwa kizibao. Truphosa alimgeuza tena taratibu. Mwilini alikuwa na kizibao chake mwenyewe, na kwa nyuma vyote viwili vilionekana.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha Fortunée, Miss. Kilikuwa kinamwasha."

Hapo akaelewa. Mtoto hakuvuka. Wote walikuwa wakimtafuta upande ambao hakuwahi kukanyaga, kwa sababu yeye Truphosa alisema ana hakika, na mtoto wa miaka sita alikuwa peke yake upande wa mabasi. Na nisimfiche: kwa muda wa kumeza mate alifikiria kunyamaza. Angeweza kusema anakwenda kuangalia tu, amtafute mwenyewe, na vizibao vibaki siri yake. Nani atamwachia kazi mtu aliyehesabu nguo akaacha mtoto? Lakini yeye mwenyewe akipotea njia, akikosea kituo, nani mwingine angejua pa kutafuta?

"Rita," akasema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hajavuka. Nilihesabu vizibao. Watoto sikuwahesabu."

"Ulihesabu nini?"

Truphosa alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alimwona kabla hajafika ukingoni mwa barabara. Ng'ambo, karibu na kituo cha basi, Fortunée alisimama na sweta yake ya shule, mdogo mno kati ya watu wazima, kadi mkononi. Truphosa alitaka kulia kwa furaha. Ndipo mtoto naye akamwona, uso ukachangamka, akashuka barabarani kumfuata.

Basi la ghorofa lilikuwa linakuja.

"Fortunée, simama. Usikuje. Rudi nyuma, mama, rudi."

Kiswahili kilimtoka chenyewe, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, watu wakageuka. Basi likapita katikati yao, refu, na kwa muda wote lilipokuwa likipita Truphosa hakujua kama kuna mtoto nyuma yake. Aliogopa. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Lilipoondoka, Fortunée alikuwa amesimama juu ya ukingo, kadi ameibana kifuani.

"I wasn't finished, Miss," mtoto alisema, Truphosa alipovuka na kumkumbatia. "It had more windows upstairs." Alikuwa hajamaliza kuhesabu madirisha ya ghorofa ya juu ya basi.

Waliporudi shuleni, mwalimu mkuu alimsikiliza Truphosa bila kumkatiza, kisha akamwambia asije kazini mpaka aitwe. Truphosa aliomba jambo moja tu, aachwe yeye mwenyewe amwambie mama wa mtoto.

Valérie alimsikiliza palepale getini, mpaka mwisho, kidole kilichokataa kuhesabu, vizibao, barabara, basi. Hakupiga kelele. Alimvuta Fortunée, akampapasa kichwa, mabega, mikono, kama mtu anayenunua kitu asichokiamini.

"Kwetu pia batu habahesabu batoto," alisema hatimaye. "Wakati tulikimbia vita nilikuwa na batatu. Niliogopa kubahesabu. Nilikuwa nahesabu mizigo. Kufika Uganda, mizigo yote iko."

Truphosa hakuthubutu kuuliza watoto walifika wangapi.

"Na huyu," Valérie akasema, akimsogeza Fortunée mbele. "Umuhesabu. Niko naona."

"Mama Fortunée, tafadhali."

"Umuhesabu."

Truphosa akainua kidole. Akakishika kwa mkono wa pili. Akakielekeza kwenye kifua cha mtoto, akaona sweta ikipanda na kushuka.

"Mmoja," akasema.