Wapagazi wa Mafuta

Mlenda ulikuwa umechemshwa kwa maji na chumvi, bila hata chembe ya karanga, na kando yake kibonge cha ugali kimekaa peke yake kama mtu aliyesusiwa. Levina aliitazama sahani, akamtazama mama yake pale kitandani, kisha akairudia sahani. Tangu azaliwe hapo Itetemia hakuwahi kuona mboga isiyotiwa karanga, hata mwaka wa njaa, hata msibani.

“Nani kakupikia hivi, mama?”

“Leo ni zamu ya mama Xavery,” alijibu Tekla kwa sauti nyembamba. “Jana ilikuwa ya Advera. Wananihudumia vizuri, mwanangu. Hawajakosa siku hata moja.”

Ndivyo ilivyo jumuiya ya Wakatoliki. Mgonjwa akiwepo, nyumba kumi na nne hupangiana zamu za kumpelekea chakula. Levina alilijua hilo, na huko Dar es Salaam, alikofanya kazi katika maabara ya utafiti, alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili yao kila akienda kulala. Kumbe zamu hizohizo ndizo zilizomkausha mama yake! Wiki sita zilizopita Tekla alikuwa na kilo hamsini na tatu. Juzi hospitalini huko Mwanza mzani ulisoma arobaini na tano, na daktari akakataa kumtundikia dripu ya tatu ya dawa ya saratani ya titi, akisema mwili huo hautaihimili. Alimpa wiki tatu za kuongezeka uzito. Asipoongezeka, matibabu yasimame. Levina alipopigiwa simu alipanda basi siku hiyohiyo.

Hodi ikabishwa. Aliingia baba mdogo Leodgar, mdogo wa marehemu baba yake na mwenyekiti wa jumuiya, shati limepigwa pasi na kitambi kimetangulia.

“Shikamoo, baba mdogo.” Levina aliitoa kwa meno yaliyoumana.

“Marahaba, mwanangu. Pole na safari.”

“Nani ameamuru mama asile mafuta?”

“Mimi,” alisema Leodgar, akivuta kiti bila wasiwasi wowote. “Nilitangaza baada ya rozari. Karanga marufuku, samli marufuku, maziwa marufuku, nyama ichemshwe na mafuta yake yaenguliwe. Na watu wametii. Hata Swaumu hapo jirani, ambaye si wa dini yetu, ametii.”

Hapo Levina akalipuka. Aliyoyasema hayasemwi mbele ya baba mdogo, na mengine aliyasema mara mbili. Alimwambia kwamba amemfunga njaa mjane wa kaka yake. Alimwambia kwamba uenyekiti wa rozari si udaktari, na kwamba kama alitaka kumfungisha mtu angeanza na tumbo lake mwenyewe. Mzee wa watu alisikiliza yote, mikono juu ya magoti. Hasira ilikuwa tamu, na Levina hakutaka iishe.

“Umemaliza?” aliuliza Leodgar. Akatoa simu mfukoni, akaibonyeza, akaiweka mezani.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Levina mwenyewe, ujumbe aliomtumia wiki zile sita zilizopita, ya haraka, yenye furaha ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua:

“Baba mdogo, seli za uvimbe ni walafi wa mafuta. Kwenye kuta zake zina wapagazi, kama wale babu zetu waliobeba pembe kutoka hapo Tabora hadi pwani. Wanayadaka mafuta kwenye damu na kuyaingiza ndani. Huko ndani wapo wapagazi wengine wa kuyapokea, wanayagawa, mengine ya kuchomwa yatoe nguvu, mengine ya kujengea seli mpya. Seli nyingi za uvimbe zina wapagazi wengi kuliko seli za kawaida. Sisi tunatafuta dawa ya kuwazuia hao. Haya, naitwa kazini, mengine nitawaeleza nikija.”

Simu ikanyamaza.

“Nyumba zote kumi na nne zinayo sauti hii,” alisema Leodgar. “Tuliisikiliza pamoja, tukajadiliana. Sisi ni wajukuu wa wapagazi, Levina. Ukitaka mpagazi asisafiri, mnyime mzigo. Hilo halihitaji shule.”

Levina aliuma mdomo. Aliukumbuka mfano ule, jinsi ulivyomfurahisha siku ile hata akausimulia kwa wenzake maabara.

“Mpagazi huyu hangoji mzigo wa jikoni, baba mdogo,” alisema taratibu. “Mama asipokula, mwili unayeyusha mafuta yake wenyewe na kuyamwaga kwenye damu, nao wapagazi wako palepale wanayadaka. Yakipungua, seli za uvimbe zinaweza kujitengenezea mengine. Kumnyima chakula hakuuui uvimbe. Kunammaliza mama.”

“Na hilo mbona hukulisema?”

Alikuwa na haraka, basi. Alikuwa na haraka, na alipenda kuitwa msomi.

Tekla aliisukuma sahani kando.

“Kwa hiyo siku zile nilizolala nikilia njaa, aliyekuwa anashiba ni nani?”

“Uvimbe, mama.”

Mama alitikisa kichwa polepole. Hakulia, ingawa Levina alitamani alie.

“Advera alinionea huruma,” alisema. “Alinifichia kipande cha nyama ya kukaanga chini ya ugali. Harufu yake, mwanangu! Nilimrudishia. Nikamkemea mbele ya wanawe. Nikamwambia, Advera, usinijaribu, Levina wangu kasoma, Levina wangu ndiye anayejua.”

Leodgar aliinamisha kichwa, akaichukua simu yake, akairudisha mfukoni. Levina alipiga magoti pembeni ya kitanda amwombe mama yake radhi. Hasira yote aliyosafiri nayo usiku kucha ilikuwa bado inamchemka kifuani, na humo chumbani hakukuwa na mwingine wa kumfokea.