Uzi wa Kijana wa Turkana

Basi la shule lilipoondoka Kisumu kwenda Nairobi, Griffin alisimama langoni akilipungia mkono kwa heshima zote, kama chifu anayeaga mgeni wa serikali. Hakuachwa kwa bahati mbaya. Wiki hiyo alikuwa amefungua makumbusho yake mwenyewe ndani ya bwalo la chakula, kila kitu kikiwa kimebandikwa karatasi ya maelezo. "Ugali. Karne ya kumi na tisa. Tafadhali usiguse." "Nyama. Inadhaniwa iliwahi kupita hapa." Naibu wa mwalimu mkuu alisoma karatasi zote mpaka mwisho, akatabasamu kidogo, kisha akalikata jina la Griffin kwenye safari.

Ghorofa za Nairobi hazikumuuma. Alitaka kuona kitu kimoja tu katika makumbusho ya huko: mifupa ya yule kijana aliyefukuliwa Turkana, aliyekufa zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Kitabu cha historia kilisema alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa hivi, na tayari alikuwa mrefu. Mrefu kiasi gani? Griffin alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu kidato cha kwanza hakuwa ameongezeka hata kidole. Bweni zima lilimwita Nukta. Alicheka pamoja nao, lakini akiwa peke yake alining'inia kwenye fremu ya mlango kama shati lililoanikwa. Alitaka kujua kama hata mtoto aliyekufa kabla nguo hazijavumbuliwa angemshinda.

Kwa hiyo alimkabidhi rafiki yake Masinde kipande kirefu cha uzi wa katani. "Bwana Masinde, taifa linakutegemea. Kisigino mpaka utosi, halafu funga fundo."

Jumapili mchana Masinde alirudi. Wavulana walijazana juu ya vitanda kumsikiliza.

"KICC, ile ghorofa ya mikutano, iko aje?" Griffin aliuliza, mikono nyuma kama hakimu.

"Ndefu."

"Ndefu namna gani?"

"Shingo inauma."

"Na Bunge?"

"Lilikuwa upande wa dirisha la Wakhungu, na Wakhungu alikuwa anatapika."

"Uliona nini basi, wewe?"

Macho ya Masinde yaling'aa. Alieleza chipsi za Nairobi kwa ufasaha ambao mwalimu wa Kiswahili hakuwahi kuusikia kwake. Mwishowe akavua kiatu, akatoa uzi ndani ya soksi.

"Nilipokuwa nafunga fundo kando ya mifupa, mlinzi akanishika bega. Akaniuliza, 'Kijana, unampimia suti au jeneza?'"

Bweni likaangua kicheko. Mtu mmoja tu hakucheka: Mama Nasambu, matroni, aliyesimama mlangoni na blanketi mikononi.

"Huo uzi umempima nani?"

"Mtu wa makumbusho, Mama," alisema Masinde.

"Mtu gani?"

"Wa... zamani. Alishakufa."

Mara vitanda vikabaki vitupu. Kila mmoja alikuwa ameona kwao jinsi seremala anavyompima marehemu kwa uzi, na alijua kwamba uzi ule haurudi ndani ya nyumba. Khaemba, nahodha wa raga, mwenye mapaja kama vigogo, alikuwa tayari ameruka dirishani.

Griffin alikuwa ameshakanyaga ncha moja kwa kisigino, tayari kujipima.

"Achilia! Kilichompima maiti hakimpimi aliye hai!" alifoka Mama Nasambu.

"Mama, huyu ni wa miaka milioni na zaidi. Hata matanga yameisha."

"Alizikwa wapi?"

"Hakuzikwa, Mama. Alianguka kando ya maji, matope yakamfunika."

"Na mama yake alikuwa wapi?"

Hilo halikuwa kitabuni. Nani alimtafuta yule mtoto? Aliita jina gani? Walikuwa hata na majina? Ghafla Griffin alitaka kujua hayo kuliko urefu wenyewe.

"Je, ukuta, Mama?" aliuliza hatimaye. "Ukuta unaweza kupimwa?"

Mama Nasambu alifikiri. "Ukuta haufi."

Masinde aliushika uzi kwa ncha za vidole kama anayeshika nyoka, akaunyoosha ukutani kutoka sakafuni. Griffin akachora mstari wa chaki penye fundo. Kisha Mama Nasambu akaamuru uzi uzikwe nyuma ya bweni, karibu na bustani ya sukuma wiki, na Griffin, mwenye mdomo kuliko wote, ahubiri.

Wavulana walisubiri mashavu yamejaa kicheko. Griffin alikohoa kama askofu. "Marehemu..." alianza, akatazama shimoni. Uzi uliokunjwa ungeenea kwenye kiganja. "Marehemu alikuwa mdogo," alisema, "na alikufa mapema." Kutoka mtaa wa Kondele honi za boda boda zilisikika.

"Amina," alisema Mama Nasambu, akasukuma udongo kwa mguu.

Waliporudi ndani, Griffin alivua viatu, akasimama kwenye ukuta. Masinde alimlazia kitabu kichwani, akatazama mstari. Akautazama tena.

"Sema."

"Nukta, ndugu yangu..."

"Sema, wewe!"

"Amekushinda. Vidole vitatu."

Bweni lilipasuka. Griffin aligeuka kuvitazama vile vidole vitatu vya ukuta mtupu kati yake na mtoto wa miaka minane. Alikuwa amejiandaa kuumia, lakini maumivu hayakuja.

"Na alikuwa bado anakua," alisema polepole. Akapanda kitandani na chaki. "Angefikia wapi? Hapa?"

"Juu kidogo!" Khaemba alipaza sauti dirishani, bado yuko nje.

"Mama, unafikiri baba yake alikuwa na urefu gani?"

"Nitajuaje mimi?" alisema Mama Nasambu. Lakini aliweka blanketi chini, akaja akampokonya chaki.

"Shuka hapo," alimwambia. "Mtoto hakadiriwi hivyo. Unaanza na mama yake."