Nyongeza ya Darasa la Saba

Mwenye kiwanda cha magodoro alikuja shuleni kwetu na gari jeusi, mpiga picha na hotuba. Sisi walimu tunamwita Godoro, ila si mbele yake. Mbele yake tunamwita Mheshimiwa Mfadhili, na wala hatuoni haya. Alisema serikali inatulipa kiasi chake, hilo hana ugomvi nalo, lakini yeye alisoma shule hii ya umma na roho inamuuma. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi atatoa nyongeza kutoka mfukoni mwake kwa kila mwalimu wa darasa la saba. Kwa nini la saba? Kwa sababu la saba ndilo linalofanya mtihani, na matokeo ya mtihani ndiyo yanayotoka gazetini.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kesho yake ratiba ya shule ilichanganyikiwa. Mwalimu wa sayansi, mwenye cheti cha daktari kwamba magoti yake hayawezi ngazi, alionekana ghorofani, liliko la saba, kabla ya kengele. Mwalimu wa michezo aligundua kwamba tangu utotoni alikuwa na wito wa hisabati. Mwalimu mkuu wetu ni mtu asiyependa lawama, na mtu wa namna hiyo ukimpa ofisi, umekwisha. Akawaridhisha wote. Kiswahili akakikata vipande vitatu, kila kipande na mwalimu wake. Wanafunzi wa la saba walikuwa arobaini na mmoja. Walimu wao tukafika tisa, na kwenye ratiba somo la mmoja wetu liliandikwa "utulivu".

Nimesema tukafika, maana na mimi nilikuwemo. Nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza miaka kumi na mmoja, na nikapandishwa la saba kufundisha mwandiko. Mwandiko! Vijana wameanza kuota ndevu, nami nawahimiza waizungushe herufi a vizuri. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imepanda, mume wangu hakuwa na kazi, na bahasha ya Godoro ilikuwa nene. Sitasingizia sababu nyingine.

"Na la kwanza nani atalishika?" nilimuuliza mwalimu mkuu, ili dhamiri isinisumbue sana.

"La kwanza halina mtihani, Mwalimu," alinijibu. "Nimemweka mlinzi. Ni kwa muda tu."

Mlinzi wetu ni mzee mtaratibu, ana koti la kaki, fimbo, na sauti ambayo hata mbwa wa jirani wanaitii. Watoto tisini walinyamaza siku ile ile ya kwanza. Ukipita dirishani husikii kitu, na sisi tukaambizana kwamba kumbe mzee ana kipaji. Mimi, na miaka yangu kumi na mmoja, nilipaswa kujua kwamba darasa la kwanza likiwa kimya hivyo, halisomi.

Na mtoto wangu wa pekee alikuwa humo ndani. Jioni moja nilitoka kwenye masomo ya ziada ya la saba, nikamkuta binti yangu kasimama mlangoni kwetu na daftari.

"Jina?"

"Mama yako."

"Unatoka wapi? Unataka kumwona nani? Umefika saa ngapi? Weka sahihi."

Alikuwa mlinzi mtupu, na daftari lake la wageni la getini. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nikaweka sahihi. Kisha nikamwandikia "mama" kwenye ukurasa huo huo, nikamwambia asome. Akazitazama herufi, akanitazama na mimi.

"Hapo hatujafika," alisema.

Ulikuwa mwezi wa saba. Watoto niliowafundisha zamani, kufikia mwezi wa saba walikuwa wanasoma hata maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Kicheko kilinikauka. Niliogopa kweli kweli.

Niliomba kurudi chini. Mwalimu mkuu akaniambia, kwa upole wake wote, kwamba mwalimu akishuka, nyongeza inabaki juu. Nikamkumbuka mwenye nyumba anavyobisha mlango, nikaja na akili nyingine, akili ya kisomi. Kama Godoro anaweza kutuongezea sisi, mimi nashindwaje kumwongezea mlinzi? Mwisho wa mwezi nilichota kidogo kwenye bahasha, nikamtia mzee mkononi nyuma ya vyoo vya walimu.

"Binti yangu, mzee. Mwangalie kwa karibu."

"Nimekuelewa, Mwalimu," alisema, akaikunja noti mara nne.

Shuleni siri haikai. Mwalimu wa sayansi alikuwa na mjukuu huko la kwanza, naye akachanga. Mwalimu wa michezo alikuwa na mapacha, akachanga mara mbili. Wiki hiyo hiyo binti yangu alihamishiwa dawati la mbele kabisa, mjukuu na mapacha wakawekwa pembeni yake. Mtoto wa muuza mkaa na wa dobi wakasogezwa nyuma, wakakaa sakafuni. Niliwaona kwa macho yangu. Nikajiambia tutarekebisha baada ya mtihani.

Mwezi mmoja baadaye nilimpa binti yangu kitabu cha la kwanza, afungue popote.

"Mbuzi amelala," alisoma, kidole kikiteleza kwa madaha.

Alikuwa anasoma picha. Kitabu kilisema mbuzi amekufa.

Asubuhi nilimkuta mzee mlangoni mwa darasa na chaki mkononi. Adabu ilinitoka.

"Mzee, pesa yangu unakula, na mtoto hajui hata a!"

Hakukasirika. Aligeuka kutazama kama watoto wanasikia, akashusha sauti.

"Mwalimu, mimi mwenyewe sijui kusoma. Nilidhani unanilipa nimkalishe mbele."

"Na daftari la wageni pale getini?"

"Wageni wanaandika wenyewe. Mimi nauliza tu."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mwalimu mkuu aliniuliza kama naweza kuwanyamazisha, nikasema naweza. Wewe ukasema nimwangalie mtoto kwa karibu. Nimemwangalia, Mwalimu. Kila siku."

Kengele ikalia. Ghorofani walikuwa wananisubiri vijana arobaini na mmoja, wengi wao wenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilijawa na aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwomba mzee chaki, nikaingia. Kitu cha kwanza, nikamwinua binti yangu kutoka dawati la mbele, nikampeleka nyuma sakafuni, nikamwita mtoto wa dobi aje akae pale.

Binti yangu alianza kulia. Akaniuliza kwa sauti, darasa zima likisikia:

"Mama, kwani mwezi huu hujalipa?"