Daftari la Magunia

Goti lilikuwa limeanza kutoa maji tena. Ukuta alilihisi likilowesha suruali, akalifunika kwa gazeti ili wanaopita kwenye korido ya ofisi wasilione. Alikuwa amekaa kwenye benchi lile tangu saa mbili asubuhi, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, na kila aliyepita aliuruka bila kuomba radhi. Saa tano na nusu Katibu wa klabu alimwita.

Jina alilopewa na wazazi wake wengi walikuwa wamelisahau. Kwa miaka tisa alisimama katikati ya wavu, mikono juu, na mipira ya wapinzani ikawarudia wenyewe usoni. Ndiyo maana mashabiki wakamwita Ukuta. Enzi hizo timu ilikuwa ya kiwanda cha magunia, na watu waliiita Magunia tu. Wachezaji walikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa kiwanda, ila kazi yao ilikuwa mpira wa wavu, asubuhi na jioni. Kisha paa la ukumbi likaanza kuvuja. Ukuta, aliyekuwa nahodha, aliandika barua tatu na hakujibiwa hata moja. Siku ya nusu fainali mvua ikanyesha. Mwenyekiti akaagiza sakafu ipigwe deki na watu wacheze. Katika seti ya tatu Ukuta aliruka kuzuia, akatua kwenye maji, na goti likapinda upande ambao goti halipindi.

Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita. Sasa mfupa uliokizunguka chuma alichowekewa wakati ule ulikuwa umeanza kuoza. Daktari hakuzunguka mbuyu: chuma kitolewe ndani ya miezi miwili, la sivyo mguu utakatwa juu ya goti. Upo mfuko wa kuwatibu watu walioumia kazini, na mfuko huo ulitaka barua ya mwajiri, yenye mistari miwili tu: huyu alikuwa mtu wetu, na aliumia akitufanyia kazi.

Katibu alimsikiliza huku akipanga kalamu zake kwa urefu.

"Mzee wangu," alisema, "klabu hii ina miaka mitatu. Cheti cha usajili kile pale ukutani, kisome. Sisi ni Radi. Magunia ilikufa na kiwanda chake. Huwezi kwenda kwa mtoto wa watu ukamdai mambo ya marehemu ambaye si baba yake."

Ukuta alikitazama cheti. Kisha akaangalia nje ya dirisha, akauona ukumbi ule ule, milango ile ile ya kijani. Katibu mwenyewe alikuwa karani wa kiwanda, yule aliyekuwa akiwaandika wachezaji mahudhurio na kugombania kiti cha mbele kwenye basi la timu. Ukuta akamkumbusha hilo kwa upole.

"Mtu si anahama nyumba, mzee," Katibu akajibu, akasimama kumfungulia mlango.

Wiki moja baadaye, siku ya Jumamosi mchana, Katibu yule yule alibisha hodi nyumbani kwa Ukuta. Alikuja na boksi la juisi na mwanamama mwenye miwani, mwandishi wa vitabu. Safari hii hakusema mzee. Alisema kaka mkubwa, akasema nahodha, akamwita mke wa Ukuta shemeji, na alipokalia stuli yenye mguu mfupi aliisifu kwamba ni imara.

Mke wa Ukuta alikuwa akipiga pasi. Ndiyo kazi yake, kupiga pasi nguo za watu, na alikuwa na tabia ya kupekua kila mfuko mbele ya mwenye nguo kabla hajaipokea, asije kusingiziwa. Alilitazama boksi la juisi kama anavyoitazama mifuko hiyo. Hakulifungua. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, aliwahi kumwambia mumewe, lakini uliojaa nao uulizwe umetoka wapi.

Mwandishi alieleza kilichowaleta. Alikuwa akiandika historia ya klabu, kitabu kikubwa chenye picha, kitakachoitwa Miaka Arobaini ya Radi.

"Arobaini?" Ukuta akauliza. "Wiki iliyopita ilikuwa mitatu."

Katibu akacheka hadi akajifuta macho. Akasema historia ni jambo pana, kaka mkubwa. Ndipo mwandishi akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua anagusa nini, kama ni kweli kwamba manahodha wa Magunia walikuwa wakirithishana daftari moja, tangu mechi ya kwanza kabisa.

Pasi ikasimama juu ya shati.

Ilikuwa kweli. Daftari lenye jalada gumu la bluu, kila mechi na ukurasa wake: wachezaji, seti, majeruhi, yaliyotokea, na chini kabisa sahihi ya mwenyekiti. Ukuta alikuwa nahodha wa mwisho kulirithi, maana aliyemfuata hakuja kulidai, na daftari lilikuwa limelala chini ya godoro ambalo Katibu alikuwa akiliegemea kwa kiwiko. Ukurasa wa nusu fainali aliuandika mwenyewe kesho yake, hospitalini, na mwenyekiti akaja akatia sahihi bila kuusoma. Paa linavuja, sakafu ina maji, nahodha ameumia goti.

Akajibu kwamba atalitafuta.

Wageni walipoondoka, mkewe alichomoa pasi, jambo ambalo halifanyi kabla kazi haijaisha.

"Mtu aliyekukana juzi akija kukukumbatia leo, shika mfuko wako," alisema. "Wewe peleka daftari kule kwenye mfuko wa majeruhi. Lina sahihi."

Ukuta alikwenda Jumatatu. Karani wa mfuko, mama mmoja mchangamfu aliyemwita baba, alimweleza kwamba bila barua ya mwajiri lazima akate rufaa, alete kumbukumbu halisi yenye sahihi, na rufaa husikilizwa baada ya miezi sita. Barua ikija, ni siku tatu tu. Mguu ulikuwa umebakiza wiki saba.

Siku hiyo hiyo redio ya jirani ilimfungua macho. Shirikisho lilikuwa linatafuta klabu moja ya kuingia kwenye ligi mpya ya kulipwa ya kanda, na sharti la kwanza ni klabu iwe imedumu miaka ishirini bila kukatika. Radi walikuwa wameomba. Klabu ya bandari nayo iliomba, na ilikuwa ikiwacheka Radi hadharani kwamba ni watoto wa chekechea.

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Ukuta alijiona ana kitu mkononi. Alirudi kwa Katibu, na safari hii hakukaa kwenye benchi. Akasema barua kwanza, daftari baadaye. Katibu akakubali neno kwa neno, ila akaomba jambo dogo: mwanasheria wa klabu hawezi kuandika juu ya kitu asichokiona kwa macho. Daftari lije, barua itoke. Ukuta akalitoa nakala ukurasa kwa ukurasa, akamleta mkewe awe shahidi, akadai stakabadhi yenye mhuri. Katibu aliiandika pale pale. Limepokelewa daftari moja la kale la mechi. Litarudishwa.

Mkewe aliisoma mara mbili. "Haina tarehe ya kurudisha."

"Shemeji," Katibu akasema, akiweka mkono kifuani, "sisi wa kuandikiana tarehe?"

Ukuta akaona aibu kusisitiza. Jambo hilo alilikumbuka baadaye mara nyingi kuliko goti lenyewe.

Barua ilikuwa kesho, kisha ikawa keshokutwa. Halafu Katibu akaja na ombi la mwisho: nahodha afike shirikishoni, aseme machache. Gari la klabu lilimfuata mlangoni. Kwenye chumba chenye meza ndefu, daftari la bluu likiwa mbele yao, mjumbe mmoja alimuuliza kama Radi ya leo na Magunia ya jana ni klabu moja au mbili. Ukuta alisimama. Alitaja ukumbi, milango ya kijani, mpishi, dereva wa basi, na Katibu aliyekuwa karani. Akasema ni klabu moja, haijakatika hata siku moja. Neno hilo alilisema kwa furaha, kwa sababu alilisikia likiwafunga Radi pia wamwandikie barua.

Radi wakapewa nafasi. Katibu alimkumbatia mbele ya wapiga picha.

Alipokwenda kuchukua barua, alipelekwa kwa mwanasheria, kijibwana nadhifu ambaye hakuacha kuandika alipokuwa akizungumza. Alisema kuna urithi wa michezo, na kuna wajibu wa mwajiri. Urithi umehamia Radi, shirikisho limethibitisha. Wajibu ulibaki kiwandani, na kiwanda kimefutwa.

"Kwa hiyo vikombe vyetu ni vyenu," Ukuta akasema, "na goti ni la nani?"

"Mzee, mimi natafsiri sheria tu."

Akaomba daftari lake. Akaambiwa limekabidhiwa kwa maonyesho ya klabu. Akapeleka nakala kwenye mfuko wa majeruhi, na yule mama mchangamfu akazigeuza moja moja kwa huruma. Nakala hata mimi naweza kuitengeneza, baba, alisema. Leta lenyewe, angalau tukusajilie rufaa.

Mguu ulikuwa umebakiza siku tisa kitabu kilipozinduliwa. Ilikuwa Jumapili asubuhi, ukumbini, chini ya paa jipya la mabati meupe. Ukuta aliwekwa mstari wa mbele kwa kadi ya mgeni maalumu, mkewe ubavuni, na alipotajwa alisimama kwa shida huku watu wakipiga makofi. Mfadhili, mwenye malori, alisema klabu isiyojua ilikotoka haijui inakokwenda. Kila mgeni akapewa kitabu. Ukuta alifunua akijitafuta, akajikuta ukurasa wa themanini, mstari mmoja chini ya picha: baada ya nusu fainali hiyo nahodha alistaafu kwa hiari yake.

Mwandishi alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Ukuta alimwonyesha mstari ule kwa kidole. Yule mwanamama alivua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu.

"Nilichoandika mimi sicho hicho," alisema, na baada ya hapo hakumtazama tena.

Sherehe ilipoisha, watu wakahamia kwenye vinywaji. Ukuta na mkewe walikwenda upande wa maonyesho. Daftari la bluu lilikuwa ndani ya sanduku la kioo lenye kufuli, chini ya taa ndogo ya njano, limefunuliwa kwenye ubingwa wa kwanza. Ukurasa alioutaka ulikuwa mbele zaidi, upande wa kulia, chini ya karatasi nyingi. Aliweza hata kuiona kona yake, pale ilipodondokewa na damu kidogo kule hospitalini.

Alimwomba mlinzi afungue. Mlinzi akasema ufunguo anao Katibu. Katibu alikuwa mlangoni akiwapa wageni mkono, na Ukuta alipomfikia alipewa mkono kama wengine.

"Wiki ijayo, mzee wangu. Pitia ofisini, utanikuta."

Akarudi akijivuta. Goti lilikuwa limelowesha suruali hadi chini, akaegemea sanduku apumue.

"Mzee, kioo hicho hakiegemewi," mlinzi akasema.

Ukuta akajiondoa, akabaki amesimama kwa mguu mmoja. Mkewe hakusogea. Alikuwa ameinama, amekaribiza uso, anakitazama kioo chenyewe, si kilichomo ndani. Akagonga kwa ukucha, mara moja, akasikiliza.

"Kaka," akamuuliza mlinzi kwa sauti ya kawaida kabisa, "hiki kina unene gani?"

Mlinzi aliutazama mkoba wa mama yule, akaitazama mikono yake, akaanza kusogea asimame kati yake na kioo.