Vitundu vya Chini ya Milango

Mutugi, mwalimu mkuu mstaafu wa Kibirichia, hakuwa mtu wa kuvumilia tundu. Gari lake lilikuwa na miaka thelathini na mbili, lakini ukilipita ungeweza kujitengeneza kola kwa kujitazama mlangoni. Siku alipovumbua vitundu vidogo chini ya milango, kwenye bati lililokunjwa kama mfereji wenye mfuniko, aliudhika kana kwamba ametukanwa. Akaviziba vyote kwa silikoni, ili kutu ikose pa kuingilia.

Younis, fundi wake wa Meru mjini, alimsihi avizibue, kisha wapulizie oili nyepesi humo ndani ambamo jicho halifiki.

"Mzee, maji inaingilia huku juu, kwa kioo," alisema. "Sasa umeifungia ndani. Itatokea wapi?"

Mutugi alimuuliza kama alimaliza darasa la nane.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika, bintiye Mukiri akawa anaolewa. Aliomba jambo moja tu, baba yake amtembeze hadi madhabahuni. Mzee akasikia mawili. Akakataa magari ya kukodi. Bibi harusi angefika kwa gari la nyumbani.

Wakiwa wawili tu garini, tairi lilipata pancha kanisa likionekana, katikati ya mashamba ya viazi. Mutugi alivua koti, akaweka jeki chini ya mlango, akazungusha. Jeki ikapanda. Gari likabaki palepale. Bati lilivunjika kama biskuti, na maji ya misimu mitatu, mekundu kama chai ya rangi, yakamwagikia viatu vyake. Juu yake rangi iling'aa vilevile.

Hapo hapo akaanza kupanga: Younis apigiwe simu, mbao zitafutwe, mchungaji asubiri kidogo.

"Baba, niliomba wewe," Mukiri akasema. "Gari sikuomba."

"Na nani atabaki nayo hapa?"

Mukiri alivua viatu, akakunja gauni, akashika njia ya tope peke yake. Kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo wa kumpokea. Mutugi alipangusa boneti kwa kitambaa cha mfukoni, akingoja bintiye ageuke, ambembeleze kidogo, ndipo akubali kwenda naye.

Mukiri hakugeuka. Mzee akashikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Akaacha mlango wazi, akakimbia topeni na miaka yake sabini, akimwomba binti yake amsubiri.